Walirusha Kete?

Jumatatu, 4 Machi

Kwa Msimulizi,

Hunijui kwa sura, lakini ile mifuko midogo ya bitana mnayowekea kete zenu niliishona mimi. Wako ni wa kijani, kwa sababu mdogo wangu alisema Msimulizi lazima awe na rangi yake peke yake. Mimi ni dada wa fundi simu, yule aliyekuwa akikaa chini ya kioo chenye ufa hapo kwa Kinyozi kila Jumapili mchana, duka likishafungwa. Tulimzika Ijumaa.

Rambirambi ulizompa Kinyozi anifikishie zimefika. Siandiki kushukuru. Na sikupigii simu, kwa sababu mdogo wangu aliniambia una tabia ya kumkatiza mtu kabla hajamaliza, na haya nataka yafike mwisho.

Sijawahi kuucheza mchezo wenu, ila naujua. Jumapili jioni alikuwa akirudi anakaa juu ya sanduku la vitambaa, mimi nashona, yeye ananisimulia. Najua kwamba wewe unaitunga nchi na hatari zake, na kila mmoja wenu ana mtu wake ndani ya hadithi, anasema mtu huyo anafanya nini, na penye shaka kete ya pande ishirini ndiyo huamua, namba kubwa ni heri, ndogo ni balaa. Mtu wake yeye aliitwa Kibatari. Mlinzi wa daraja, hana upanga, ana taa ya mafuta na kelele nyingi. Sauti ya Kibatari alikuwa akiifanyia mazoezi bafuni, mpaka jirani akatuuliza kama tumepata mgeni.

Sasa nikueleze ya Jumapili ile aliyokosa. Alikuwa kitandani hospitali, nami nilikuwa nammenyea chungwa. Ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa Dereva wenu, anacheka: "Pole ndugu yangu! Umekufa leo, tena umekufa msaliti! Umewafungulia adui lango la daraja, Jemadari akakumaliza. Ukirudi safari uje na mtu mpya!"

Mdogo wangu aliusikiliza, akaurudia. Hakulia. Akaniuliza, "Dada, walirusha kete?"

Nikamwambia sijui, kula chungwa. Akala kipande kimoja, akianza na ule uzi mweupe kama alivyofanya tangu utotoni. Kesho yake akaniuliza tena. Siku aliyofariki sauti ilikuwa imeshakwisha, lakini alinishika kidole akachezesha midomo. Nilijua anauliza nini.

Basi nakuuliza wewe uliyekuwepo. Mlirusha kete? Ndiyo au hapana. Jibu lako ndilo litakaloamua nitakachokufanyia.

Dada yake

* * *

Jumatano, 6 Machi

Kwako dada yetu,

Pole, tena pole sana. Barua yako imenikuta mnadani, nimesimama juu ya kreti nauza kabati la watu, na nakiri nilipoteza bei. Uchungu nauelewa, na ukali wako nimeusamehe kabla hujaniomba.

Ila naomba unielewe na mimi. Kusimulia si kazi ndogo. Wenzangu wanakuja na kete mfukoni tu, mimi nakuja na nchi nzima kichwani. Hadithi yetu ilikuwa imelala. Ilihitaji msaliti, na msaliti mzuri ni yule ambaye hakuna anayemdhania. Nani angemdhania Kibatari? Ungeuona uso wa Dereva siku ile ungejua nilipatia.

Na meza yetu ina desturi, mdogo wako aliijua vizuri: asiyekuja, Msimulizi humtembeza mtu wake. Haiwezekani hadithi isimame kwa sababu ya mtu mmoja. Yeye mwenyewe alituambia yuko safari ya kikazi. Angesema anaumwa, tungefanya vingine. Kwa nini alituficha? Hilo ndilo linaloniuma mimi.

Mwisho nikukumbushe, kwa heshima zote, kwamba huu ni mchezo. Kibatari hakuwa mtu. Jumapili tutasimama dakika moja kumkumbuka fundi simu wetu, kisha Jemadari atatoa hotuba fupi darajani alipofia Kibatari, ya kumsamehe. Nimeshaiandika. Inasisimua.

Wako katika majonzi,
Msimulizi

* * *

Ijumaa, 8 Machi

Kwa Msimulizi,

Umeandika kurasa mbili, na neno nililokuomba halimo hata kwa bahati mbaya. Basi nimeshalijua.

Unauliza kwa nini alikuficha. Nitakuambia. Mwaka jana Dereva alikuja mezani na vidonda vya mdomo, akawaeleza kama mtu anavyowaeleza marafiki zake. Nawe Jumapili hiyohiyo ukamtia mtu wake ukoma ndani ya hadithi, watu wakacheka, Dereva naye akacheka kwa sababu angefanya nini. Mdogo wangu alinisimulia hayo akiwa haoni cha kuchekesha. Daktari alipomwambia figo zimechoka, neno la kwanza aliloniambia tukiwa bado kwenye korido ni hili: "Dada, mezani nitawaambia nimesafiri. Sitaki Kibatari aanze kuvimba miguu."

Ndiyo sababu. Umeisikia?

Usidhani alikuwa akikusengenya. Alikupenda, akakusifia kwa sauti zako na nchi zako. Ila mimi nina masikio. Akinieleza jinsi walivyopanga mchana mzima kuvuka mto kwa mashua, wewe ukasema mashua imeoza kwa sababu ulishaamua wapite daraja, mimi nilisikia. Akinieleza kwamba kila walipobanwa alitokea Jemadari, mtu wako wewe Msimulizi, akaua maadui wote, akasifiwa na mfalme, nao wanaume wazima wamekaa wanasubiri zamu kama wateja wa Kinyozi, mimi nilisikia. Nilisikia kuhusu kile kipande cha kadibodi unachokisimamisha mbele yako na kurushia kete nyuma yake, ambako Jemadari hajawahi kupata namba mbaya. Na ukichoka na maoni ya watu unapiga meza kwa kiganja, "Imeuzwa!", kama uko mnadani. Mdogo wangu alikuwa ananiigizia kiganja hicho mpaka sindano inanichoma kwa kucheka.

Sasa sicheki. Ulimchukua mtu wake wakati mwenyewe hawezi kuinua mkono, ukamfanya mwoga. Halafu Jemadari ampe msamaha? Hotuba hiyo ichane.

Unasema ni mchezo. Vizuri. Basi hutakasirika nikija kuucheza.

Dada yake

* * *

Jumanne, 12 Machi

Dada,

Mimi si mtu wa kuandika, mkono wangu umezoea mkasi, utanisamehe. Barua yako kwa Msimulizi nilimpa mwenyewe. Aliisoma hapa kwenye kiti, nusu ya kichwa nimenyoa, nusu bado. Akanyanyuka akaondoka hivyohivyo. Mpaka leo hajarudi kumalizia, amevaa kofia mjini kote.

Unaniuliza kama unaweza kuja. Duka ni langu, meza ni yangu, kioo chenye ufa ni changu. Njoo. Ukitaka kujua kucheza, ni hivi: sema mtu wako anataka nini, anafanya nini, basi. Hakuna jingine. Mengine yote ni mbwembwe za Msimulizi.

Mimi na Dereva hatuna raha, dada. Ule ujumbe wa sauti Dereva hataki kuusikia tena. Anasema ameufuta kwenye simu lakini anaendesha lori huku unamlia kichwani. Siku ile Msimulizi alivyosema Kibatari kafungua lango, mimi nilisema, "Ngoja kidogo, Kibatari hawezi, yule hata mbuzi akipita alikuwa anamwuliza anakwenda wapi!" Kiganja kikapiga meza. Imeuzwa. Na mimi nikanyamaza kwa sababu nilitaka twende haraka nikapumzike.

Kile kiti hatujakikalia. Nimekifuta vumbi.

Kinyozi

* * *

Jumatatu, 18 Machi

Kwako,

Nitakuandikia kwa utulivu.

Nilikupokea jana kama mgeni. Nilidhani umekuja kulia kidogo, tukufariji, uende zako. Ukakaa chini ya kioo, ukatoa kete za marehemu, ukasema, "Mimi ni dada wa Kibatari. Nimekuja kuuchukua mwili wa mdogo wangu."

Hilo sikuwa nimeliandaa. Nikakuambia mwili ulitupwa mtoni. Ukauliza nani aliutupa. Nikasema Jemadari, kwa mkono mmoja. Ukamgeukia Kinyozi: "Kumbeba mtu mzima kwa mkono mmoja, hapo pana shaka au hapana?" Kinyozi akasema pana shaka kubwa. "Basi arushe."

Na hapohapo Kinyozi akakumbuka kwamba meza ni chafu. Akainua kadibodi yangu apanguse, akaikalia! Mtu mzima, mbele ya macho yangu, ameikalia kadibodi!

Nikarusha wazi. Mbili. Kati ya ishirini, mbili. Jemadari akateleza kwenye matope na maiti juu yake. Nikasema ananyanyuka kwa hasira na kuchomoa upanga. Ukasema, "Kwa matope yale? Arushe." Nne. Upanga ukamponyoka. Dereva akacheka mpaka akashika ukuta: "Kumbe siku zote alikuwa anasimamishwa na kadibodi!" Wewe hukucheka. Ulinitazama tu, umekunja mikono kama mtu anayesubiri nguo yake ikatwe. Na kila nilipofungua mdomo kusimulia, ulisema, "Mimi bado sijamaliza."

Miaka yote hii Jemadari hajawahi kuanguka. Wewe umekuja siku moja umemlaza kwenye tope, watu wakashangilia.

Nimeelewa. Umelipiza. Furahi. Jumapili ijayo siji. Nimechukua mnada mji mwingine, niko safari ya kikazi. Kaeni bila Msimulizi, muone kama hadithi itajisimulia.

Msimulizi

* * *

Jumanne, 19 Machi

Kwa Msimulizi,

Jumapili huji. Nimesikia.

Asiyekuja, mtu wake hutembezwa. Desturi ni yako, umeniandikia kwa mkono wako mwenyewe. Kinyozi atasimulia. Jemadari nitamtembeza mimi.

Hadithi inahitaji mwoga, na mwoga mzuri ni yule ambaye hakuna anayemdhania.

Safari njema.

Dada yake

* * *

Ijumaa, 22 Machi

Dada yangu,

Nakuandikia kituo cha mabasi, barua nampa kondakta mmoja anayemfahamu Kinyozi. Ningeweza kurudi ningerudi, lakini nimeshafunga mkataba wa mnada, mali za watu zinanisubiri. Nimefika mpaka dirisha la tiketi nikauliza. Mnada ukiisha, hakuna basi la kuniwahisha Jumapili.

Sijalala vizuri tangu niipate barua yako. Nauza vitu vya watu huku nawaza, atamfanya nini? Atamfanya alie? Atamfanya apige magoti? Nimejikuta nataka kukupigia simu usiku na mchana, nikaona aibu. Mtu wa umri wangu, nitasema nini? Nakuomba umhurumie mtu ambaye hayupo?

Nikuambie kitu ambacho hata Kinyozi hajui. Sauti ya Jemadari ni ya baba yangu. Alikuwa bawabu wa hoteli, mwenye koti la vifungo vya shaba, mtu mkubwa mwenye sauti ya kufungulia milango, na nje ya ule mlango hakuna aliyemheshimu. Wageni walikuwa wakimrushia mabegi bila kumtazama. Alipofariki nikamtungia nchi ambayo wanamtazama. Ndiyo maana sikuweza kumwacha aanguke. Nilijua ninakosea kuficha kete. Nilificha tu.

Usimfanye mwoga. Muue ukitaka. Muue, lakini asikimbie.

Na jibu lako ni hapana. Hatukurusha. Sikuwaacha warushe. Nilikuwa nimekasirika kwamba hakuja, nikasema leo atanikoma. Ningejua yuko wapi... lakini sikuuliza. Nilikuwa na namba yake na sikuuliza.

Msimulizi

* * *

Jumatatu, 25 Machi

Kwa Msimulizi,

Barua yako ilifika Jumamosi, kabla hatujacheza. Naanza na hilo usije ukajifariji kwamba sikuwa nimeisoma. Niliisoma nikiwa kwenye cherehani. Nilifika pale pa baba yako na koti la vifungo nikasimama kidogo, kwa sababu mimi najua kazi ya kushona vifungo vya shaba. Kisha nikafika pale "leo atanikoma", nikaendelea kushona.

Nilikwenda kwa Kinyozi nikiwa nimemtengenezea Jemadari aibu nzima kichwani. Angekimbia akilia, angemwita baba yake. Ndiyo, baba yake. Barua yako ndiyo iliyonipa wazo hilo, nami nililipenda. Nilitaka Dereva akutumie ujumbe wa sauti, anacheka, uusikilize ukiwa peke yako kwenye nyumba ya wageni.

Kinyozi anasimulia vibaya. Anasahau mto uko upande gani. Ila anamwuliza kila mtu, "Na wewe unafanya nini?", kisha anangoja kweli, mikono magotini. Adui wakaja. Nikasema, "Jemadari anageuka, anakimbia."

Halafu Dereva, bila kunitazama, akasema polepole, "Dada, tunarusha kete?"

Msimulizi, nilimchukia Dereva wakati ule kuliko ninavyokuchukia wewe. Mkono ulikuwa juu ya meza, kiganja kimeshafunguka. Nilikuwa karibu kupiga.

Nikarusha kuona kama hofu itamshinda. Kumi na nane. Nilitamani kuigeuza kwa kidole. Jemadari hakukimbia. Alisimama wima kwenye yale matope yako. Basi lile uliloniomba umelipata, lakini usinishukuru. Umepewa na kete.

Baada ya hapo nikadai haki yangu. Nikawaambia turudi nyuma, siku ile ya lango, tuicheze inavyochezwa. Kinyozi akaniuliza, "Kibatari anafanya nini?" Nikasema Kibatari anasimama langoni, anapiga kelele zake. Kusaliti au kutosaliti halikuwa suala la kete hata kidogo, lilikuwa la mwenye mtu wake, na mwenye mtu wake namjua nimemlea. Kilichohitaji kete ni kama angeweza kulizuia lango. Nikazitoa kwenye mfuko wake. Nikazirusha wazi.

Tatu.

Wakampita. Wakamkanyaga yeye na taa yake. Dereva alifunika uso kwa kofia. Mimi nililia, nisikufiche. Lakini hakufungua lango. Alianguka akiwa amelifunga. Jioni nilirudi nyumbani, nikakaa mahali pangu, nikaliambia lile sanduku la vitambaa, "Ndiyo. Wamerusha."

Sasa hukumu ya Jemadari. Tumeipitisha watu wote watatu mezani, na hakuna aliyepigiwa kiganja. Hakuuawa. Amevuliwa upanga akapewa taa. Analilinda daraja mahali pa Kibatari, mbuzi wanapita, wachuuzi wanapita, hakuna mfalme, hakuna hotuba. Kila anayevuka lazima amwulize, "Nani alilinda hapa kabla yako?" Naye lazima ajibu, kwa sauti ya baba yako, isikike ng'ambo: "Kibatari. Alilifunga lango akafa." Awe amechoka, awe anaumwa, mvua inyeshe, atajibu. Ukitaka kumtoa pale, njoo ukae kwenye kiti kama wenzako, useme anataka nini, urushe wazi. Ile kadibodi Kinyozi anafagilia nywele.

Sijakusamehe. Nadhani ningekwisha kukusamehe kama ungempigia simu ile Jumapili ukasema, uko wapi, mbona kimya. Mfuko wako wa kijani umechanika pembeni, nimeuona. Ulete, nitaushona. Ni kazi yangu, si upatanisho.

Mimi sitarudi mezani. Nilichofuata nimekipata, na kile kiti kinaniumiza mgongo kwa sababu yeye alikuwa akikikalia kwa kupinda. Nina ombi moja. Siku ambayo hakuna anayevuka, Jemadari amesimama peke yake na taa ya mtu mwingine mkononi, alitaje hilo jina hata kama hajaulizwa. Na akiisha kumtaja yeye, anikumbuke na mimi, kwamba Kibatari alikuwa na dada.

Dada yake